Kichwa Kilichohama

Siku ya kwanza Sofia niliulizia mkate.
Muuzaji akatikisa kichwa, kushoto, kulia,
nami nikashukuru, nikaondoka na njaa yangu.
Alinifuata hadi barabarani, mkate mkononi,
akinifokea kwa maneno yasiyohitaji mkalimani:
we mtoto, si nimekwambia upo?

Huku kukubali ni kutikisa.
Kukataa ni kichwa kwenda juu mara moja,
kama mtu aliyeitwa na jirani wa ghorofani.
Wiki tatu nzima nilikataa chai niliyoitamani
na kupokea supu baridi ya mtindi na matango.
Supu. Baridi. Nikainywa, nifanyeje?

Mwenye nyumba wangu anaitwa Tsvetana,
lakini jengo zima linamwita Baba,
maana Baba, kwa lugha yao, ni bibi.
Baba ana goti bovu na kitambaa cha maua kichwani.
Baba hunipikia pilipili hoho zilizojazwa wali.
Nilipomwandikia mama, *Baba amenifumia soksi*,
simu ililia kabla sijaiweka chini:
baba yupi huyo,
na baba yako yuko hapa sebuleni anasikiliza mpira?

Kuna maduka ya kuchuchumalia.
Dirisha liko usawa wa viatu,
muuzaji yuko chini ya ardhi na taa yake,
na mwanasheria mwenye tai amechuchumaa lami
kama aliyedondosha sarafu.
Kwetu anayekushukia hivyo amekuheshimu.
Huyu anataka kiberiti.

Na milango! Mlangoni, kwenye nguzo, kwenye mti wa kituoni,
karatasi zenye picha za watu, zimebandikwa kwa gundi.
Nikadhani ni wagombea udiwani.
Nikamsifia Baba mmoja wao, yule wa masharubu:
huyu ningempigia kura mimi.
Baba akanyamaza.
Alikuwa Metodi, mumewe,
mwaka wa sita kaburini, na tangazo jipya kila mwaka.
Kisha akacheka, akacheka
mpaka meno ya juu yakahama mahali pake.

Siku yake ya kuzaliwa nilimpelekea mawaridi kumi,
kumi kamili, asije akasema mkono wangu mfupi.
Akayahesabu kwa kidole.
Akachomoa moja, akanichomeka kwenye tundu la kifungo.
Shufwa ni ya maiti, alinieleza kwa ishara,
shavu kiganjani, macho kayafumba.
Aliye hai hupewa witiri.
Nikasimama pale na waridi langu kifuani.
Miaka yote nimefunga sala ya usiku kwa witiri
bila kujiuliza hiyo moja ya mwisho
imeachwa wazi kwa ajili ya nani.

Kitu kimoja sijakizoea: mlango usio na hodi.
Kuna kengele tu, na kengele haina koo.
Basi hubonyeza, halafu nasema hodi chini chini,
nikiona haya kidogo, kama anayezungumza na friji.
Wiki iliyopita, kutoka jikoni, katikati ya vyombo,
sauti ya Baba ikajibu: *Odi!*
Alikosea. Sikumsahihisha.

Juzi mama alipiga kwa video.
Desemba utakuja?
Tiketi ilikuwa mezani, kando ya soksi.
Nikatikisa kichwa, kushoto, kulia,
kwa furaha yote niliyokuwa nayo.
Mama akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.
Mtandao ukakwama.
Nakuja, nikapaza sauti, mama, nakuja,
kwa uso wake ulioganda kiooni,
na kichwa changu, msaliti huyu,
kilikuwa bado kinatikisika.